Geji ya Petroli katika Motokaa ya Zamani



Wenye motokaa za zamani wengi wamepata kuliona jambo hili. Motokaa yatoka mjini vizuri, injini yanguruma bila kasoro. Lakini ikifika katikati ya mlima, na jua likiwa kali, huanza kukohoa kama mtu mwenye pumu, kisha huzima. Dereva hufungua boneti, akatazama, asione kitu. Hungoja nusu saa, akawasha tena, na injini ikakubali kana kwamba haikuwa na ugonjwa wo wote. Akifika kwa fundi wa kwanza huambiwa kwamba koili imechoka, naye hununua koili mpya. Juma la pili motokaa huzima tena pale pale mlimani. Fundi wa pili husema ni kabureta. Wa tatu husema ni pampu. Fedha zakwisha, na maradhi yapo vile vile.

Katika habari hii hapana fundi aliye mjinga. Wote watatu walikisia, kwa sababu petroli hupita ndani ya mabomba yaliyofungwa, na jicho haliwezi kuona kama yasukumwa kwa nguvu ya kutosha au sivyo. Leo tutaeleza habari za chombo kidogo kinachoondoa kukisia huko, yaani geji ya kupima msukumo wa petroli, na jinsi ya kukifunga ndani ya boneti kikae humo siku zote. Tena tutaeleza kwa nini chombo hicho hicho, kikifungwa ovyo, chaweza kuiteketeza motokaa nzima.

Kwa mfano wetu tutaichukua Land Rover. Motokaa hii ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, na ile ya namna ya Series IIA ilitengenezwa Uingereza tangu 1961 hata 1971. Wengi wa Afrika Mashariki waijua, maana ilitumika sana mashambani, katika mbuga za wanyama, na katika kazi za serikali, na nyingine zingali zikitembea. Tutasema juu ya ile yenye injini ya petroli ya lita 2.25. Lakini maneno haya yafaa pia kwa motokaa nyingine nyingi za siku zile zenye kabureta na pampu ya kuendeshwa na injini.

KAZI YA PAMPU

Kwanza yafaa tufahamu petroli hufikaje katika injini. Tangi li chini, kabureta i juu. Kwa hiyo petroli haiwezi kwenda yenyewe, sharti ipandishwe. Kazi hiyo ni ya pampu iliyofungwa ubavuni mwa injini. Ndani yake mna kiwambo, mfano wa ngozi iliyowambwa juu ya ngoma. Injini ikizunguka, mkono mdogo wa chuma hukivuta kiwambo chini, nacho huifyonza petroli kutoka tangini. Mkono ukiachilia, springi iliyo chini ya kiwambo hukisukuma juu, na petroli huenda kwenye kabureta. Vilango viwili vidogo huizuia petroli isirudi ilikotoka.

Angalieni neno hili vema: injini huvuta kiwambo tu, kinachosukuma petroli ni springi. Kwa sababu hiyo msukumo hautegemei sana mwendo wa injini. Injini ikienda polepole au upesi, msukumo hukaribia kuwa ule ule, kwa kuwa springi ni ile ile. Springi ikilegea kwa uzee, au kiwambo kikipasuka, msukumo hushuka.

Katika kabureta mna kibakuli, na ndani ya kibakuli mna boya. Petroli ikijaa, boya huelea na kuisukuma sindano izibe mlango. Petroli ikipungua, boya hushuka na mlango hufunguka. Basi sindano hii na springi ya pampu hushindana daima. Msukumo ukiwa mdogo mno, kibakuli hakijai upesi, na injini hufa njaa hasa pale inapofanya kazi kubwa, yaani mlimani. Msukumo ukiwa mkubwa mno, sindano hushindwa kuziba. Petroli hufurika, moshi mweusi hutoka, na matone huweza kuangukia chuma cha ekzosi kilicho moto.

Katika Land Rover hiyo msukumo unaofaa ni kiasi cha ratili 2 kwa kila inchi ya mraba. Hizo ni chache sana. Ni sawa na uzito wa petroli iliyosimama katika bomba lenye urefu usiofika mita 2. Lakini katika hizo ratili 2 ndimo ulimo uzima wa injini.

GEJI HUFANYAJE KAZI

Geji nyingi za namna hii hufuata mpango wa Mfaransa Eugène Bourdon, aliyepewa hati ya uvumbuzi wake mjini Paris mwaka 1849. Ndani ya geji mna kibomba chembamba cha shaba, kilichobonyezwa kikawa bapa, kisha kikakunjwa mfano wa mundu. Mwisho mmoja umezibwa. Petroli ikisukumwa ndani yake, kibomba hutaka kujinyosha, kama mpira wa kumwagilia bustani uliokunjwa unavyojinyosha maji yanapofunguliwa. Mwisho ule uliozibwa husogea kidogo sana, na vigurudumu vyenye meno huukuza mwendo huo mpaka mshale ukazunguka juu ya namba.

Hapa lazima kuchagua kwa akili. Geji inayopima mpaka ratili 100 haifai kabisa, maana ratili 2 hazionekani juu yake. Hata ile ya ratili 15, inayouzwa sana madukani, huzionyesha ratili 2 pale pembeni kwenye mwanzo wa namba. Iliyo bora ni ile inayoishia ratili 5 au 7.

Jambo la pili, nalo ni kubwa kwetu sisi tunaokaa nchi za juu. Geji nyingine hujazwa glisirini ili mshale usitetemeke, kisha huzibwa kabisa. Geji ya namna hiyo hufungiwa ndani yake hewa ya mahali ilipotengenezwa, ambapo mara nyingi ni karibu na usawa wa bahari. Hewa ya pwani husukuma kwa nguvu ya ratili 14.7 kwa kila inchi ya mraba. Hewa ya Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya bahari, husukuma kwa ratili 12 tu hivi. Basi hewa iliyofungiwa ndani ya geji hukibana kile kibomba kutoka nje, na geji husoma pungufu kwa ratili 2 na zaidi. Yaani pampu nzima kabisa yaweza kuonekana kama imekufa! Joto la boneti nalo huzidisha kosa hilo, kwa kuwa glisirini na hewa vikipata moto hutanuka. Kwa hiyo nunua geji kavu isiyo na glisirini, au ile yenye kizibo kidogo juu, ambacho hufunguliwa ili hewa ya ndani ilingane na ya nje.

Kabla ya kuifunga, ijaribu geji yako. Jaribio hili hata mwanafunzi aweza kulifanya. Chukua mpira mwangavu wenye urefu wa mita 3 hivi, uukunje kama herufi U, tia maji nusu yake. Mwisho mmoja uchomeke kwenye geji, na mwisho wa pili uache wazi. Inua ule mwisho wazi polepole, ukiongeza maji ikiwa yapungua. Maji ya upande wazi yakipita maji ya upande wa geji kwa sentimita 70, geji yapasa kusoma ratili 1. Yakipita kwa sentimita 140, isome ratili 2. Angalia maji yasiingie ndani ya geji yenyewe. Kama geji haisemi kweli kwa maji, haitasema kweli kwa petroli.

MAHALI PA KUIFUNGA

Geji hufungwa baada ya pampu na kabla ya kabureta. Mpira wa petroli hukatwa, na katikati huingizwa kiungo cha shaba chenye njia tatu, mfano wa herufi T: njia moja yatoka kwenye pampu, ya pili yaenda kwenye kabureta, na ya tatu yaenda kwenye geji.

Wengine huipachika geji juu ya kile kiungo chenyewe, ikaning'inia hapo. Usifanye hivyo. Injini hutetemeka mchana kutwa, na geji ni nzito. Baada ya miezi michache shaba huchoka na kukatika, na petroli humwagika juu ya injini inayozunguka. Ifunge geji katika kipande cha bati nene kilichokunjwa, na bati hilo likazwe kwa nati kwenye ukuta wa chuma ulio kati ya injini na dereva, upande wa injini. Kisha unganisha geji na kiungo kwa mpira mfupi. Mpira huo usiwe umenyoshwa. Uwe na mzingo kidogo, kwa maana injini imekaa juu ya mipira na huyumba, lakini ukuta hauyumbi.

Tazama mpira huo usipite karibu na ekzosi, wala feni, wala betri, wala vyuma vinavyovutwa na pedeli ya mafuta. Kila upitapo kwenye tundu la bati, tia kizibo cha mpira ili ukingo usiukate.

Kamwe usiupitishe mpira wa petroli ukutani mpaka ndani kwa dereva ili geji ionekane safarini. Mpira huo ukipasuka, petroli humwagika miguuni mwa watu. Anayetaka kusoma akiwa kitini atumie geji ya umeme: kipimo hukaa kwenye injini, na waya tu ndio uingiao ndani.

VIFAA

Mpira uwe wa petroli kweli, si wa maji. Katika nchi nyingi siku hizi petroli huchanganywa na ethanoli, ambayo huila mipira ya zamani ikawa laini au ikapasuka. Mpira wenye alama ya SAE 30R9 hustahimili. Njia nyingi za Land Rover hizi na motokaa za kadiri yake zataka mpira wa milimita 6 au 8; pima bomba lako kabla ya kununua. Vibano viwe vile vinavyoubana mpira sawasawa kuuzunguka wote, visiwe na meno ya kuukata.

Tena kuna hila katika hesi, yaani meno ya skrubu. Geji nyingi zina hesi ya Kimarekani ya sehemu ya nane ya inchi, yenye meno 27 katika inchi moja. Viungo vingi vya Kiingereza vya kipimo hicho hicho vina meno 28. Ukivijaribu vitashikana kwa mizungu miwili mitatu, nawe utadhani vimekubaliana. Havikukubaliana, vitavuja. Ukiona kiungo kinakaza mapema, kitoe, utafute chenye hesi moja na geji. Dawa ya kuzibia iwe ile isiyoyeyushwa na petroli, na ipakwe kidogo. Utepe mweupe wa mabomba ya maji usitumike, kwa kuwa vipande vyake hukatika, vikaenda kukwama chini ya sindano ya kabureta.

Mwisho, tia katika njia ya geji kizibo chenye tundu dogo kama la sindano. Hicho hutuliza mshale usitetemeke, na hata geji ikipasuka petroli itakayotoka ni kidogo.

KUFUNGA

Kazi hii ifanyike nje, penye hewa, injini ikiwa imepoa kabisa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini kama maji na waweza kufika kwenye jiko lililo mbali usilolifikiria. Basi pasiwe na jiko, wala taa ya moto, wala sigara, wala watoto. Weka karibu kizimamoto cha unga. Maji hayafai, kwa kuwa petroli huelea juu yake ikizidi kuenea.

Kwanza ondoa waya wa betri. Legeza kifuniko cha tangi ili msukumo utoke. Weka chombo chini ya mpira, kisha ukate kwa kisu kikali mkato ulionyoka. Usitumie msumeno, maana vumbi la mpira litaingia kabureta. Funga kiungo, funga mipira, kaza vibano. Panguza yote kwa kitambaa yawe makavu kabisa. Mwaga kitambaa hicho mbali.

Pampu nyingi za Land Rover hizi zina kijiti cha kupampia kwa mkono. Kitumie kabla ya kurudisha waya wa betri, mpaka mshale upande. Sasa chunguza kila kiungo kwa jicho, kwa kidole na kwa pua. Pakiwa pakavu, rudisha waya, washa injini, iache dakika kumi, kisha chunguza tena. Chunguza mara ya tatu baada ya safari ya kwanza injini ikiwa moto, na mara ya nne baada ya kilomita 100, kwa sababu mpira mpya hulegea kidogo ukizoea. Kiungo kinachovuja tone moja tu, motokaa isitembee mpaka kitengenezwe.

KUISOMA

Labda mtu atauliza, geji iliyo ndani ya boneti ina faida gani, nami siioni nikiendesha? Faida yake ni kwamba ipo pale ugonjwa ulipo. Geji ya fundi hubaki mjini, na motokaa haizimi mjini, huzima mlimani. Injini ikikohoa, simama mahali pa salama, fungua boneti mara moja, usome kabla haijapoa.

Ukiona ratili 2 hivi, na mshale umetulia, basi petroli yafika kwenye mlango wa kabureta. Usinunue pampu. Tazama plagi, koili na nyaya zake, kisha vitundu vya ndani ya kabureta.

Ukiona mshale umeanguka na kutetemeka, na injini ikipoa hupanda tena, huenda petroli yachemka ndani ya bomba. Sehemu zake nyepesi huanza kuchemka hata kabla ya joto la digrii 50, na katika nchi za juu, kama njia ya kutoka Nairobi kupanda Limuru, huchemka upesi zaidi kuliko pwani. Pampu haiwezi kusukuma mvuke. Dawa yake ni kuliondoa bomba karibu na ekzosi, au kulikinga kwa bati; si kununua kabureta.

Ukiona mshale uko chini daima, baridi na moto, anza na vitu visivyo na gharama. Fungua kifuniko cha tangi: ukisikia hewa ikiingia kwa kishindo, tundu la kifuniko limezibwa na vumbi, na tangi lilikuwa likikataa kutoa petroli. Kisha safisha chujio. Kisha tazama bomba litokalo tangini, maana mpira uliopasuka upande huo hauvuji petroli, bali hufyonza hewa. Hayo yote yakiwa sawa, ndipo uishuku pampu.

Ukiona mshale umepita ratili 3, huenda mtu amefunga pampu ya motokaa nyingine. Usiendelee na safari ndefu. Hapo moto u karibu. Lakini mshale ukipanda kidogo baada ya kuzima injini moto, usiogope: petroli iliyofungiwa kati ya pampu na sindano imetanuka kwa joto tu.

Kumbukeni pia kwamba geji hupima msukumo, haipimi wingi. Chujio lililoziba nusu laweza kuruhusu ratili 2 injini ikiwa imetulia, kisha mshale ukaanguka injini inapodai petroli nyingi. Kwa hiyo mwambie mwenzako akanyage mafuta huku wewe ukitazama.

Neno moja zaidi. Motokaa nyingine za zamani hazina kabureta. Volkswagen 1600 zilizotolewa tangu 1967 zikiwa na mtambo wa Bosch wa kunyunyiza petroli zataka msukumo wa karibu ratili 29. Humo vinyunyizio hufunguliwa kwa muda uliopimwa, kwa hiyo msukumo ukikosea kidogo, kipimo chote cha petroli hukosea. Geji tuliyoieleza leo ingeharibika humo mara moja. Kila motokaa ipewe geji yake.

Basi, ndugu zangu, chombo hiki hakitengenezi kitu. Hakiwezi kuponya pampu wala kusafisha kabureta. Kazi yake ni kusema kweli kabla hujatoa fedha yako, nacho husema kweli kikiwa kimechaguliwa vema, kimejaribiwa, na kimefungwa bila kuvuja. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika motokaa ya petroli, ufa ni tone moja kwenye kiungo. Lizibeni hilo kwanza, ndipo msome namba.